Kibao cha Mama Futi

Bwana Saa alikuwa na wivu, na hilo tuliseme mapema tusije tukazungushana. Hakuwa mlevi, hakuwa mchoyo, wala hakuwa mtu wa ngumi. Ukimpelekea saa iliyozama majini, au iliyopitia kwa mafundi wengine wasiojua kazi, ataifungua kwa upole, ataitazama kupitia kile kilenzi chake cha jichoni, na baada ya siku mbili tatu utaikuta inafanya kazi kama mpya. Lakini mkewe akicheka na muuza matunda, chakula cha siku hiyo hakimpiti kooni. Wapo wanaozaliwa na baka shavuni. Yeye alizaliwa na wivu, na alipooa akauhamishia kwa mkewe kama mtu anayehamisha vyombo.

Na mke mwenyewe alikuwa fundi wa mapazia, kazi ambayo si ya kukaa. Lazima uende ukapime madirisha ya watu, urudi ukashone, uende tena ukatundike, na mwenye nyumba akisema pazia limepanda upande mmoja, uende mara nyingine. Mtaa mzima ulimwita Mama Futi kwa ajili ya futi kamba iliyokuwa haitoki shingoni mwake. Wakitoka pamoja yeye yuko mbele, anasalimiana na kila mlango, na Bwana Saa yuko nyuma anakokota viatu, akichunguza nani kasalimiwa kwa mdomo tu na nani kapewa mkono. Watu walimwita "mume wa Mama Futi". Alikuwa akiwaitikia vizuri, lakini roho ilimuuma.

Siku Mama Futi alipoteleza kwenye ngazi ya nyumba ya watu, na fimbo ya pazia mkononi, akavunjika mguu juu kidogo ya kifundo, Bwana Saa alilia machozi ya kweli. Alishinda kwenye benchi la hospitali, akakataa hata kwenda kuoga. Hilo asinyimwe. Lakini mkewe aliporudishwa nyumbani na plasta, kitu fulani kifuani mwake kilitulia ambacho hakikuwahi kutulia tangu aoe. Mama Futi yuko ndani. Akitaka maji, anamwita yeye. Akiwa na hadithi, hana mwingine wa kumsimulia.

Plasta ilipotolewa mfupa ulikuwa umeunga, ila mguu ulikuwa umekakamaa. Shavu la mguu lilikuwa gumu kama kipande cha mti, na kisigino kilikataa kugusa chini, kwa hiyo upande mmoja akawa anakanyagia vidole. Hakuweza kwenda mbali bila kushikwa. Basi kila asubuhi mtaa ukawa unawaona wamefungamana mikono, Bwana Saa amevaa shati lililopigwa pasi, anamwongoza mkewe taratibu hadi kwenye kibanda chake cha kioo mlangoni mwa duka la vifaa vya ujenzi, anamketisha nyuma yake na cherehani ndogo ya mkono. Wanawake waliwaambia waume zao wamtazame mwanamume yule. Wateja wa mapazia wakawa wanaleta wenyewe vipimo vya madirisha yao, tena vya uongo, na mapazia yakitoka mafupi Mama Futi anauma meno. Kwa Bwana Saa, Mungu amsamehe, ule ulikuwa wakati mtamu kuliko wote wa ndoa yake.

Aliyeuharibu utamu huo ni mtaalamu wa viungo wa zahanati, mwanamke mwembamba mwenye kusema haraka. Aliukunja mguu wa Mama Futi, akaukunjua, akasema mfupa hauna neno, tatizo ni misuli na mshipa wa kisigino vimefupika, na dawa yake ni kuvivuta. Akamsimamisha kwenye kibao cha mbao kilichoinuliwa mbele, vidole juu, kisigino chini, mkanda umemfunga goti lisipinde.

"Kila siku asubuhi na jioni," alisema. "Mguu ukizoea mwinamo, mnauongeza kidogo. Hiki cha kwetu hakitoki hapa, kuna foleni. Tafuteni seremala awatengenezee, si kitu kigumu."

"Tutatafuta," alisema Bwana Saa.

Akatafuta kama anavyotafuta mtu asiyetaka kuona. Wiki hii seremala fulani amesafiri, wiki ijayo mbao hazijakauka, wiki nyingine yeye mwenyewe kichwa kinamuuma. Mama Futi si mjinga. Siku moja alimwita jirani dirishani, akamtuma, na jioni ile seremala wa mtaa wa pili akabisha hodi akiwa na penseli sikioni.

Sasa huyu seremala ndiye kiini cha matatizo yote, ingawa maskini mwenyewe hakuwa na hili wala lile. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyefiwa na mkewe zamani na hakuoa tena. Madirisha mengi aliyoyavalisha Mama Futi ni yeye aliyeyatengeneza, kwa hiyo walifahamiana kikazi. Alipiga magoti sakafuni, akaweka karatasi chini ya mguu mbovu, akakishika kisigino kwa kiganja chake kipana, akauzungushia mguu penseli kutoka kidole gumba hadi kisigino na kurudi. Alifanya polepole kwa sababu anafanya kila kitu polepole. Bwana Saa, aliyesimama nyuma yake, alikohoa. Akakohoa tena. Kuna waume ambao mguu wa wake zao haujapata kushikwa na mtu mwingine isipokuwa daktari, na yeye alijihesabu miongoni mwao mpaka dakika ile.

"Hapa unasikia maumivu, shemeji?" seremala aliuliza akibonyeza nyuma ya kifundo.

"Hapo hapo, fundi. Umejuaje?"

Shemeji. Bwana Saa alilirudia neno hilo kichwani usiku kucha. Yeye na mtu yule walikuwa ndugu tangu lini?

Kibao kilikuja kizuri, na hilo ndilo lililozidi kumchoma. Kama kingekuwa kibovu angalau angecheka. Kilikuwa na mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba upande wa kisigino, vishikizo viwili vya pembeni vilivyopigwa msasa hadi vinateleza mkononi, mkanda wa ngozi wa gotini uliowekewa kitambaa ndani usikwaruze, na nyuma reli ya chuma yenye meno. Kilimi cha chuma kilidaka kwenye jino, na kadiri unavyopandisha jino ndivyo ubao wa juu unavyozidi kuinuka. Umbo la mguu wa Mama Futi lilichongwa kwenye ubao wenyewe, kwa hiyo wayo wake ulitua mahali pake na si kwingine. Bwana Saa alikikagua kwa jicho la fundi akitafuta kasoro. Hakuipata.

Mama Futi akakipenda. Asubuhi kabla ya chai yuko juu ya kibao, jioni kabla ya kula yuko juu ya kibao, ameshika vishikizo, anauma mdomo, jasho linamtoka. Akishuka anasema, "Kinaniua, lakini kinanitendea haki." Majirani walikuja kukitazama kama wanakuja kumtazama mtoto mchanga, na mmoja wao, mwanamke asiyejua kufunga mdomo, akasema mbele ya Bwana Saa, "Shoga, umepata mume mwenza. Asubuhi huyu, jioni huyu, na huyu wa zamani anabaki kuosha vikombe." Walivunjika mbavu kwa kicheko. Mama Futi alicheka mpaka akafuta machozi. Bwana Saa naye alicheka, kwa sababu asingecheka ingekuwa mbaya zaidi, kisha akaenda uani kuosha vikombe kweli.

Jino baada ya jino, kisigino kikaanza kushuka. Siku moja, njiani kwenda kibandani, Mama Futi aliuachia mkono wa mumewe ili arekebishe kilemba, na alipomaliza hakuushika tena. Alitembea hivyo hivyo, akichechemea, mpaka mlangoni. Wala hakuwa na nia mbaya, alisahau tu. Bwana Saa aliubakiza mkono wake umekunjwa kwenye kiwiko njia nzima, na ilimlazimu auteremshe mwenyewe. Mchana ule alifungua saa ya mteja na kushindwa kukumbuka ilikuwa na ugonjwa gani. Aliona vizuri mambo yanakokwenda: atapona, atarudi kwenye madirisha yake, atasalimiana na dunia nzima, na yeye atarudi nyuma na viatu vyake. Na wa kushukuriwa atakuwa yule mwenye penseli sikioni.

Basi akafanya alilolifanya. Mama Futi alikuwa amekwenda msibani na majirani, nyumba tupu. Bwana Saa alikichukua kibao kutoka nyuma ya mlango, akakilaza mezani, akavaa kilenzi jichoni, na kwa ile tupa yake nyembamba ya kusagia vyuma vya saa akausaga ukingo wa kilimi. Hakuukata. Mtu mwingine angekata, au angeng'oa skrubu, na angejulikana siku hiyo hiyo. Yeye aliuviringisha ukingo kidogo sana, akayalainisha na meno yenyewe, akatia tone la mafuta ya saa. Sasa mtu akisimama juu ya kibao, uzito wake unakifanya kilimi kiteleze pole pole, bila mlio, mpaka meno ya chini kabisa, na yeye aliyesimama anadhani bado yuko juu. Ilikuwa kazi safi sana, na ubaya ni kwamba alipokuwa akiifanya alisikia raha ya kazi safi. Tangu hapo akajitolea kukikunja kibao na kukiweka mahali pake kila mara mkewe anaposhuka, ili asije akainama akaona reli. Mama Futi akawaambia majirani kwamba hata mumewe siku hizi anamsaidia mazoezi.

Mguu uliacha kuendelea. Kisha ukaanza kurudi. Mama Futi akaongeza muda juu ya kibao, akapandisha jino kabla ya wakati wake, akajikaza kisabuni, wapi. Kisigino kikaanza tena kuelea. Alipokwenda zahanati, mtaalamu alimuuliza kama kweli anafanya mazoezi au anamdanganya, na swali hilo lilimuumiza kuliko mguu. Aliporudi alikaa kitandani na futi kamba mapajani, akiikunja na kuikunjua.

"Mguu wangu umekufa, mume wangu," alisema. "Basi tena. Nimechoka kujitesa. Kakirudishe kibao kwa fundi kabla sijakichoma moto."

Akaegemeza kichwa kwenye bega lake. Hilo ndilo alilolitaka, lilikuwa pale limeegemea bega lake, na lilimwelemea. Alimpapasa mgongoni akisema polepole, polepole, Mungu yupo, na alijisikia mchafu mpaka ndani ya kucha. Lakini msimwonee huruma upesi, maana hakusema kitu. Asubuhi alikitia kibao kwapani na kukipeleka.

Seremala alikuwa anapiga randa mlango. Alikipokea kibao, akasikiliza maelezo, akakiweka juu ya meza ya kazi na kukikandamiza kwa viganja viwili. Ubao ulishuka wenyewe bila mlio. Akakipindua. Akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kilimi, mara moja, mara ya pili, akamtazama Bwana Saa, na Bwana Saa akatazama maranda chini. Mtaa mzima kulikuwa na tupa moja tu ya kuweza kusaga chuma namna ile.

Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Bwana Saa alikuwa amejiandaa kwa kelele, hata majibu alikuwa nayo. Seremala alikung'uta maranda mikononi.

"Sikiliza, ndugu yangu," alisema. "Ya nyumbani kwako siyajui na sitaki kuyajua. Nitamwambia shemeji nilikosea mimi. Nilinunua chuma laini. Nitamtengenezea kingine, nitakuja mwenyewe kumpimia, na nitamwomba radhi."

"Utamwomba radhi wewe?"

"Kwani nitapungua nini? Asikose mguu kwa jambo dogo."

Angalia sasa wivu unavyofanya kazi. Mtu mwingine hapo angeanguka miguuni pa yule bwana na kulia. Bwana Saa aliona kitu kimoja tu: jamaa huyu amepiga magoti tena sakafuni kwake, kisigino cha mkewe kiganjani, anaomba radhi kwa kosa ambalo si lake, na Mama Futi anamwambia, "Usijali, fundi, umenitendea wema." Wema juu ya wema. Mguu atampa yeye, na msamaha atapewa yeye. Hilo hapana. Kama kuna mtu wa kumtembeza Mama Futi katika dunia hii, atakuwa mumewe, hata kama akishatembea atakwenda zake.

"Nipe," alisema, akakivuta kibao kutoka mezani. "Nitatengeneza mimi."

Hakurudi kibandani siku hiyo, kwa kuwa mkewe, aliyekuwa amemfikisha pale asubuhi, angemwona. Alikaa uani kwao, akakichonga kilimi kipya kutoka kwenye kipande cha shaba nzito alichokitoa kwenye saa ya ukutani ya zamani, akayanoa upya meno ya reli moja moja, akajaribu kwa kusimama yeye mwenyewe na kurukaruka. Kilidaka kwa mlio mkavu unaosikika chumba cha pili. Kilikuwa kilimi bora kuliko cha seremala, na alilijua hilo, na lilimpa faraja kidogo. Kile cha zamani akakitia mfukoni. Jioni alimwambia mkewe kwamba kibao kilikuwa na hitilafu, amekirekebisha, ajaribu mara moja tu, kwa ajili yake. Mama Futi alijaribu kwa kumridhisha. Safari hii Bwana Saa hakukikunja. Alimwachia aone reli mwenyewe.

Kazi ilianza upya, na ilikuwa chungu kuliko ya kwanza kwa sababu mguu ulikuwa umeshazoea uvivu. Bwana Saa alimshikia vishikizo, akamchua shavu la mguu kwa mafuta, akamtukuza kila alipopandisha jino. Mtaalamu wa zahanati safari iliyofuata alitikisa kichwa, akasema hajui walichofanya lakini waendelee. Ikafika asubuhi ambayo Mama Futi alishuka kibaoni, akasimama katikati ya chumba na nyayo zote mbili chini, zimetua kabisa, akawa anazitazama kama viatu vipya. Siku chache baadaye alikwenda peke yake kupima madirisha ya nyumba ya jirani. Bwana Saa alibaki kibandani amenuna, huku akijisifu kimoyomoyo.

Sasa, mwanamke anayeweza kutembea anaweza pia kufua, na kabla ya kufua suruali mtu hupekua mifuko. Bwana Saa aliporudi kutoka kazini alikikuta kile kilimi cha zamani mezani, juu ya kisosi, pembeni ya chai yake. Mama Futi alikuwa ameketi upande wa pili. Hakuwa amevaa futi kamba shingoni.

"Nimekikuta mfukoni mwako," alisema. "Nikapita nacho kwa fundi kumuuliza ni cha nini. Akaniambia ni kosa lake, alinunua chuma laini. Anadanganya vibaya yule baba, hawezi hata kukutazama usoni."

Bwana Saa alikaa. Alitazama kisosi.

"Mimi nimekaa nyuma yako kibandani muda wote ule," Mama Futi aliendelea. "Unadhani sijui tupa yako inavyokata? Nilikuwa nalia hapa, na wewe unanipapasa mgongo."

"Nimekitengeneza," alisema Bwana Saa. "Nimekirudisha mimi mwenyewe. Unatembea."

"Natembea. Ulitaka nini, lakini? Nieleze tu nielewe."

Alifikiri kudanganya, na kwa mara ya kwanza hakupata hata uongo wa kuanzia. "Nilitaka ubaki," alisema. "Ulipokuwa mgonjwa ulikuwa wangu."

"Na kabla ya hapo nilikuwa wa nani?"

Bwana Saa alianza kutafuta jina. Alikuwa na wivu wa miaka yote ya ndoa, ameubeba kila siku kwenda na kurudi kazini, na hakuwa na jina hata la mtu mmoja wa kumtajia. Mama Futi alimngoja amalize kutafuta. Alipoona hapati, aliinuka, akachukua viatu vyake chini ya kitanda, vile vya visigino vifupi ambavyo vilikuwa havijavaliwa tangu siku ya ngazi, akavivaa bila kushika ukuta.

"Unakwenda wapi?" Bwana Saa aliuliza.

"Sijui bado. Nataka kutembea."

"Utarudi?"

"Usinifuate," alisema, akafungua mlango akatoka.

Na kweli hakumfuata, na huenda hilo ndilo jambo gumu kuliko yote aliyowahi kuyafanya. Alikwenda dirishani, akalivuta pazia kando, akatega sikio. Ilikuwa jioni, watu wanarudi makazini, mtaa umejaa. Tangu mkewe aumie alikuwa anaweza kuutambua mwendo wake hata akiwa mwisho wa mtaa, hatua moja nzito na moja ya kudonoa, na kila alipousikia alijua kwamba anakuja kwake. Alisikiliza mpaka chai ikapoa. Miguu mingi ilipita chini ya dirisha, yote ikikanyaga sawasawa, na hakuweza kujua upi ni wake.